Aliyeniita mwenye majivuno hajaisikia saa yangu ikipiga

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mtu anayenunua saa ya mamilioni, wakati simu inamwonyesha majira bure, ana majivuno na pesa zimemzidi akili. Simfahamu, naye hanifahamu. Lakini barua yake iliniuma, kwa sababu ninapoandika haya saa ya namna hiyo iko mkononi mwangu.

Mimi ni mama wa miaka 54. Nanunua dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, nakausha na kusafirisha, na msimu wa mawese nauza mawese. Saa yangu ni ya kutia ufunguo. Imetengenezwa Austria, mji mdogo unaoitwa Völkermarkt, na mume na mke, Richard na Maria Habring, walioanza kazi yao wenyewe mwaka 2004 bila kampuni kubwa nyuma yao. Usoni imeandikwa Habring², na ile mbili ndogo ya juu maana yake ni wao wawili. Bei yake ingenunua bajaji mpya, na chenji ingeezeka nyumba. Nimeitaja wazi ili nisionekane nakwepa.

Sasa tuje kwenye majivuno. Tangu niivae, hapa Kigoma hakuna hata mtu mmoja aliyelitambua jina hilo. Wachukuzi hawalijui, wanunuzi wangu hawalijui, na mashemeji zangu ambao hawapitwi na kitu hawajauliza. Tena ukiitazama juu juu utadhani ni ya betri. Saa ya kutia ufunguo kwa kawaida mshale wake wa sekunde hutambaa, maana mashine hupiga mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hii yangu hupiga mara 8, sawa na mara 28,800 katika saa moja. Mshale wa saa ya betri huruka: tak, unasimama, tak, unasimama. Na wa kwangu unaruka vivyo hivyo. Akina Habring wameongeza ndani vigurudumu na springi ndogo inayokusanya yale mapigo manane, ikiisha kuyakusanya inauachia mshale mara moja, basi. Saa za kuruka hivi zilikuwa za watu wa vipimo, waliotazama nyota huku wakihesabu sekunde kwa jicho na sikio. Ni kazi ngumu kuliko kuuacha mshale utambae, na matokeo yake kwa mpita njia ni saa inayofanana na ya shilingi elfu kumi ya sokoni. Anayetaka kujionyesha angechagua hiyo kweli?

Nilivyoipenda ni hivi. Mnunuzi wangu mmoja wa Bujumbura alikuwa nayo, akaivua ili asaidie kupanga magunia, akanipa nimshikie. Niliigeuza. Nyuma ina kioo, na ndani niliona kigurudumu kinayumba kushoto na kulia bila kuchoka, utepe mwembamba kama unywele uliosokotwa ukivuta na kuachia kama mtu anapumua, na vijiwe vyekundu vimekaa kwenye chuma kama punje za komamanga. Kingo za vyuma zimesuguliwa mpaka zinashika mwanga. Nilisahau magunia. Miaka mitatu niliweka akiba, na mpwa wangu anayesoma huko Austria ndiye aliyeileta.

Kuhusu hiyo simu ya bure, naomba ndugu yangu aje Kagunga, mpakani na Burundi, asubuhi ya soko. Simu ikidaka mtandao wa upande wa pili inarudi nyuma saa moja bila kukuuliza, kwa kuwa Bujumbura, na Kalemie ya Kongo pia, wako nyuma yetu kwa saa moja. Nimeshaachwa na boti kwa ajili hiyo, nimesimama ufukweni na ndoo kumi na mbili za mawese. Tena sisi wa mwisho wa reli jua letu liko nyuma ya lile la Dar kwa dakika 39 hivi; redio ikitangaza saa sita mchana, kwetu jua bado halijafika utosini, linafika karibu na saa saba. Anayefanya biashara kandokando ya ziwa hili anahitaji saa inayobaki pale alipoiweka.

Lakini sikuinunua kwa ajili ya boti tu, na hapa ndipo ninapotaka kufika.

Mwaka jana saa ilianza kukimbia. Wiki ya kwanza dakika tano kwa siku, kisha ishirini. Nilipokwenda Dar kufuata madeni niliipeleka duka moja kubwa la saa. Kijana aliitazama kwa nje, hakuifungua, akaniambia mashine imekufa, ninunue nyingine, akanionyesha kabati. Nilirudi na treni nikiwa nimeifunga kwenye leso kama mgonjwa.

Pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, karibu na soko, kuna mzee fundi saa. Ana meza moja, kabati la kioo lenye ufa, na mwavuli wa kuzuia jua. Nilimpa. Akautazama mshale unavyoruka, akasema, "Mwanangu, hii ya betri, niachie ukapate betri dukani." Nikamwambia, "Mzee, iweke sikioni kwanza." Akaiweka. Nilimwona uso unabadilika. Alinyamaza muda mrefu, macho kafumba, na kidole chake kinagonga meza kwa haraka, kinafuata yale mapigo. Kisha akasema taratibu, "Ndani inakwenda, nje inangoja."

Alibana kioo chake cha kukuzia jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, hakugusa kitu. Akatoa dira ndogo ya mvuvi kwenye droo na kuisogeza karibu na saa. Sindano ya dira ikatikisika. Akaniuliza ninailaza wapi usiku. Juu ya spika ya redio, Mzee. Basi hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa: sumaku ya spika imeingia kwenye ule utepe mwembamba, mizunguko yake inanatana, utepe unakuwa kama umefupishwa, na kigurudumu kinayumba haraka kuliko kinavyotakiwa. Akafunika saa, akachukua koili ya waya aliyoitoa kwenye kifaa kibovu, akaichomeka kwenye umeme, akaipitisha saa katikati ya ile koili na kuivuta nje polepole mpaka mkono wake ukanyooka wote. Akarudia. Akasogeza dira tena, sindano ikatulia. Elfu tano. Tangu siku hiyo haijanizidishia hata dakika moja kwa wiki, nami nailaza juu ya kitambaa, mbali na redio.

Tulipokuwa tunangoja umeme urudi (ulikuwa umekatika) tulizungumza sana. Mzee aliniambia kinachoua saa mara nyingi ni ukavu: mafuta yaliyomo ndani ni tone dogo kuliko jicho la dagaa, baada ya miaka mitano hivi yanaganda, chuma kinaanza kula chuma. Nikamkumbusha Liemba. Meli ile ililetwa kwa vipande mpaka hapa Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915, na Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka uliofuata mafundi waliipaka mashine mafuta mazito kwanza. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ilikuwa inasafiri tena ziwani. Mzee akacheka kwa furaha, akasema, "Fundi mwema huizika mashine kama anayejua itafufuka."

Ndiyo maana nasema saa ya fundi mmoja si sawa na saa ya kiwanda kikubwa. Imetengenezwa na mkono, na mkono mwingine unaweza kuielewa. Kulikuwa na Mwingereza, George Daniels, aliyefanya kazi Kisiwa cha Man na kuzitengeneza saa zake peke yake, karibu kila kipande. Miaka ya 1970 alibuni njia mpya ya kuachia meno ya gurudumu ili saa isitegemee mafuta sana pale panaposuguana. Alibisha hodi kwenye makampuni ya Uswisi kwa miaka mingi. Ni mwaka 1999 ndipo Omega walipoianza kuitumia. Mtu mmoja, na meza yake! Mzee wa Mwanga hakuwahi kumsikia, lakini nilipomweleza ile shida ya mafuta aliielewa kabla sijamaliza sentensi, akachora kwa chaki mezani.

Huyu mzee ana miaka zaidi ya sabini na mikono yake bado haitetemeki. Hana mwanafunzi. Wanawe wako kwenye bodaboda na simu, na siwalaumu, kwani saa za kuleta kwa fundi zimepungua. Alinionyesha vifaa vyake: bisibisi ambazo ncha yake huioni bila kioo, na koleo aliyoisaga mwenyewe miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Nilimuuliza vitakwenda wapi. Alipangusa koleo kwa kitambaa, akavirudisha vyote kwenye kopo, hakujibu.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtume mwandishi wenu aje akae naye siku nzima, aandike anachokiona. Na kama kuna mzazi hapa Kigoma Ujiji mwenye kijana au binti mtulivu, mwenye jicho na subira, anayependa kufungua vitu na kuvirudisha vilivyokuwa, nitamlipia chakula na nauli mwaka mzima ajifunze pale. Mzee amekubali. Anasema aje asubuhi, saa mbili, kabla jua halijapanda juu ya mwavuli. Kigoda cha pili nimeshakinunua, kiko pale mezani.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma