Mchango wa tamasha usifungwe kwenye muhuri wa serikali ya mtaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililozua maneno mengi mtaani kwetu, hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Umoja wa wakazi umepanga tamasha la kufunga mwaka, lenye ngoma, pilau na michezo ya watoto, na kila kaya imetakiwa kutoa shilingi 10,000. Mimi nimetoa, tena kwa furaha, maana msimu wa korosho kuisha bila ngoma ni kama haukuwapo. Kinachonisumbua ni tangazo lililofuata, kwamba asiyelipa hatagongewa muhuri kwenye barua ya utambulisho.

Barua hiyo ndiyo mtu huipeleka benki anapofungua akaunti, ndiyo huiambatanisha anapoomba kitambulisho cha Taifa, na ndiyo huulizwa anapokwenda kumdhamini ndugu yake. Ni huduma ya serikali. Umoja wa wakazi, hata kama viongozi wake ndio haohao wanaokaa kwenye ofisi ya mtaa, hauna haki ya kuifanya rehani ya pilau.

Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria hiyo. Ndiyo maana ada ya taka hutozwa kwa sheria ndogo za halmashauri. Mtaa, tofauti na kijiji, hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Umoja wa hiari una njia yake: aliyejiunga na kuikubali katiba yake anaweza kudaiwa mchango unaotajwa humo, na akikaidi, adhabu iishie ndani ya umoja. Lakini Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote, na kwetu hakuna aliyejaza fomu. Ukishapanga chumba tu, jina lako limo kwenye daftari. Hata Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayowabana wenye nyumba za ghorofa kuchangia, inalenga uendeshaji wa mali yao ya pamoja, kama ngazi na paa, na sioni ngoma ikiingia humo.

Wapo wanaosema kwamba wasiochangia ndio huwa wa kwanza kushika sahani. Ni kweli, nimewaona. Basi chakula kitolewe kwa kadi kwa waliolipa, na ngoma ichezwe uwanjani kwa wote. Wapo pia wasiohudhuria ngoma kwa sababu ya imani zao, na wapo ambao fedha zao za korosho, baada ya makato tuliyoyazoea tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kupitia maghala, ulipoanza mwaka 2007, zimeishia kwenye madeni na ada za shule. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Jirani yangu, mama anayeuza mihogo, amerudishwa kutoka ofisi ya mtaa mara mbili, barua ya binti yake ikiwa haina muhuri. Namwomba mkurugenzi wa manispaa atoe maelekezo kwa maandishi kwa wenyeviti wote wa mitaa, na barua ya binti huyo igongwe muhuri wiki hii, kabla ya hilo tamasha.

Mkazi,
Mtwara