Barua ya wazi kwa vijana wanaoandaa safari za ukoo

Kwenu wajukuu, wapwa na watoto wa ndugu zangu mnaokaa katika kamati za safari hapa Mwanza na kando ya ziwa letu,

Nawasalimu nyote, na shikamoo zenu nimezipokea. Nimeamua kuandika wazi badala ya kumwita mmoja mmoja sebuleni kwangu, kwa sababu neno nililonalo linawahusu vijana wa koo nyingi na msimu wenyewe unakaribia. Kuanzia katikati ya Desemba ndugu watakuja kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na hata ng'ambo. Costa zitakodiwa, tiketi za Nansio kisiwani Ukerewe na za Bukoba zitagombaniwa, na kila ukoo utataka kwenda kijijini kusafisha makaburi, kumwona mzee aliyebaki, kubatiza watoto, au kukaa tu pamoja siku chache. Ninyi ndio mtakaoulizwa kila kitu, kuanzia nauli hadi magodoro, na najua kazi hiyo haina shukrani nyingi. Ninawaombea nguvu, na ninawaomba mnisikilize.

Nina ombi moja lenye pande mbili. Safari ya ukoo ipangwe kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na pasiwepo mtu wa kuona aibu kusubiri chombo kinachofuata. Karaha nyingi ninazozijua katika safari hizi zimetokana na kupuuza upande mmojawapo, na hata ugomvi mnaodhani ni wa fedha, mkiuchunguza, mara nyingi ulianza kwa mtu kuharakishwa au kubanwa.

Mfikirieni bibi wa miaka 80 anayetoka Nyegezi kwenda Ukerewe kwa barabara ya Magu na Bunda hadi kivuko cha Kisorya. Ratiba yenu inasema gari linaondoka saa 11 alfajiri ili kuwahi kivuko. Alfajiri hiyo bibi hanywi chai. Mkimpa maji ya chupa anayapokea kwa mikono miwili, anashukuru, kisha anaiweka chupa miguuni na haifungui mpaka mnafika. Anaona haya kumwambia dereva mwenye umri wa mjukuu wake asimamishe gari, na anaona haya zaidi kushuka kwenda vichakani wakati mkwe wake wa kiume amekaa kiti cha nyuma. Vidonge vyake vya presha navyo, kwa kuwa vingine humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, amevifunga kwenye kitambaa ndani ya mkoba na hajavimeza. Jua likifika utosini anaumwa kichwa, haongei, na ninyi mnasema ni uzee. Bibi ana kiu, na dawa hajanywa.

Vituo vya kusimama basi viandikwe kwenye ratiba kama vinavyoandikwa vituo vya mafuta, na vitangazwe kabla mtu hajaomba: tunasimama Magu, tunasimama Lamadi, dakika 20, wote tunashuka. Wote wakishuka, mzee haonekani kuwa ndiye aliyewachelewesha. Binti mmoja wa damu yake akae naye, amsindikize, amshikie mkoba. Kuhusu dawa, aliye karibu naye amuulize daktari wake siku kadhaa kabla ya safari zinywewe saa ngapi siku hiyo, kwa sababu kuziacha kimya kimya ni hatari. Wanaokwenda Sengerema, Geita, Chato na Bukoba nao wazingatie hili zaidi kuliko zamani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari linavuka kwa dakika chache tu, nasi tunamshukuru Mungu, kwa maana tunakumbuka wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko pale kwa saa nzima na zaidi. Lakini kule kusubiri kulikuwa pia ndiyo nafasi ya wazee kunyoosha miguu, kwenda msalani na kula sato wa kukaanga pamoja na wajukuu. Dereva wa sasa anaona barabara nyeupe mbele yake na anataka kunyoosha moja kwa moja hadi Geita. Ninyi ndio mtakaomwambia asimame.

Katika kupanga viti, msimweke mkwe wa kiume bega kwa bega na mama mkwe wake kwa safari ya nusu siku. Katika mila zetu za huku hilo linawatesa wote wawili. Atakaa amegeuzia uso dirishani mpaka shingo imuume, naye mama hatathubutu hata kusinzia. Wababu wakae na wajukuu, ambao wana ruhusa ya kutaniana nao, na mashemeji wakae pamoja mahali kelele zao hazitamsumbua mwenye kichanga.

Sasa nije kwenye maji, ambako ndiko roho yangu iko. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na makaburi ya waliofariki yaliyoko Igoma yanatukumbusha hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kimejengwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikitokea Bugorora wakati kinakaribia kabisa kutia nanga kisiwani Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Wengi wenu mlikuwa wadogo mwaka huo wa kwanza, au hamjazaliwa. Huu wa pili mnaukumbuka wenyewe. Ziko nyumba kandokando ya ziwa hili zilizozika watu kadhaa wa familia moja kwa wakati mmoja.

Ukoo una namna yake ya kujaza chombo, na namna hiyo inatokana na upendo, ndiyo maana ni vigumu kuizuia. Mtu anasema tubanane tu, sisi ni ndugu. Watoto wanapakatwa na hawahesabiwi. Mjomba anayefahamiana na watu wa bandarini anapiga simu ili watano waliokosa tiketi waingizwe. Shangazi analia kwamba hawezi kupanda yeye huku dada yake akibaki gatini. Hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja, na chombo kimezidiwa. Ninawasihi, gawanyeni watu tangu siku ya kwanza ya mpango, kabla hamjafika bandarini ambako machozi na haraka ndivyo vinavyoamua. Kundi la kwanza liwe la wazee, wenye vichanga na watu wenye nguvu wa kuwasaidia. Kundi la pili lifuate kwa chombo kingine, hata kama ni kesho yake. Kila kundi liwe na kiongozi wake, chakula chake, fedha yake, na orodha yenye majina yote, pamoja na la mtoto wa kupakatwa, kwa sababu naye ni abiria. Atakayebaki kwa ajili ya kundi la pili apewe heshima ileile, asisikie wenzake wakipiga picha za kumcheka.

Ulizeni mapema kama jaketi okozi za ukubwa wa watoto zipo, na kila mmoja aoneshwe namna ya kufunga ya kwake, maana nimeona watu wakizikalia kama mito. Kama mnakodi mtumbwi wa injini kwenda kisiwa kidogo, waulizeni wavuvi wa mwalo huo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, kuhusu upepo, na nahodha akisema haondoki, msimbembeleze na msimwongezee fedha.

Watoto mnapofika wataona maji na watayakimbilia. Hapa lipo jambo ambalo familia kubwa hulisahau kwa wepesi kuliko familia ndogo: penye mashangazi kumi, kila mmoja anadhani mwenzake anamwangalia mtoto. Gawaneni watoto kwa majina, huyu na huyu wako mikononi mwa fulani, kutoka asubuhi hadi wanapolala. Msiwaache waoge kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, kwa kuwa ndiko wanakoishi konokono wanaobeba kichocho, na kuna fukwe ambako mamba na viboko wapo kweli. Wenyeji wanajua pa kuoga na pa kukaa mbali. Waulizeni kabla hamjavua viatu.

Kuhusu michango nitasema kwa upole, kwa sababu imevunja undugu wa watu wengi. Siyo kila ndugu ana mshahara, na anayekaa kimya kwenye kundi la simu si lazima awe mkaidi, huenda hana. Kutaja hadharani majina ya wasiolipa ni kumfukuza mtu bila kumwambia aondoke. Wekeni watu wawili wanaoaminika, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, ambao aliyekwama anaweza kuwaeleza hali yake na jambo likaishia hapo. Aliyeko kijijini anaweza kuchangia viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, karanga, kuku au kitanda, na hivyo viandikwe katika daftari la michango kwa heshima sawa na fedha iliyotumwa kutoka ng'ambo. Fulana za ukoo ni nzuri kwenye picha, ila kama bei yake itamzuia mtoto wa marehemu kaka yenu asije, ziacheni.

Pia nataka mwatazame wake wa ukoo, wale walioolewa na wanaume wetu, wakatoka mbali wakaingia kwetu. Kwa wengi wao safari hii ni kuhamisha jiko tu. Wanaamka kabla ya wote kuwasha moto, wanapika wali wa watu 40 kwenye sufuria za kuazima, wanaosha vyombo hadi usiku, na siku ya kuondoka hawajaona ziwa isipokuwa walipokwenda kuchota maji. Mwenyeji wa nyumba naye hali yake ni hiyo hiyo: choo chake kimoja, mapipa yake ya maji, shuka zake. Tengeni fedha ya kumlipa mpishi na wasaidizi wa kijijini, mpelekeeni mwenyeji mchele, mafuta, mkaa na sabuni kabla ya kufika, na wavulana waingie zamu ya kuosha sufuria. Mimi ni mzee wa mila, na ninasema hivyo bila wasiwasi wowote.

Mkinisoma mpaka hapa mtauliza kwa nini tusafiri kabisa. Nisikilizeni basi. Liko jambo linalotokea ndani ya chombo kikivuka kwenda Ukerewe, majabali ya Mwanza yakiwa yamebaki nyuma na upepo umetulia. Mzee ambaye nyumbani hujibu kwa neno moja anaanza kuzungumza. Ananyoosha kidole kuelekea ufuko fulani, anawaambia watoto kwamba pale yeye na ndugu zake walikuwa wakivua furu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani kabla sangara hajatawala miaka ya 1980, na anaeleza walivyoanikwa na nani alikuwa hodari wa nyavu. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam anauliza furu ana mifupa mingi kama kibua. Mzee anacheka, anamvuta karibu, anamweleza. Kisha anataja jina la aliyekuwa hodari wa nyavu, na mtoto anagundua kwamba hilo ndilo jina lake, la babu mkubwa ambaye hajawahi kumwona. Wazazi wake walimwambia jina hilo limetoka wapi, lakini hapa amelisikia kinywani mwa mtu aliyemjua mwenye nalo.

Na usiku, watoto wa mashangazi na wajomba wakilala mkeka mmoja, wakipigana mateke na kunong'onezana mpaka wanakemewa, wanajenga kitu ambacho hakuna mkutano wa ukoo unaoweza kukijenga. Miaka 15 baadaye mmoja wao atapata nafasi ya chuo katika mji asioujua, naye atampigia simu binamu yake bila kujitambulisha mara mbili. Nimeliona hilo katika ukoo wangu na katika koo za majirani zangu, na kwa ajili yake ninavumilia kelele, vumbi na viti vigumu. Ndiyo sababu nataka kila mmoja afike akiwa mzima na akiwa hana kinyongo.

Simu zenu sizigombezi. Pigeni picha, rekodini sauti za wazee wanapozungumza, maana hazitakuwepo siku zote. Ila mzee aliyesinzia mdomo wazi, au bibi anayeshushwa garini kwa kubebwa, msimrushe mitandaoni. Ombeni ruhusa, mvalisheni kitenge chake kizuri, kisha mpigeni picha amekaa.

La mwisho ni kurudi, ambako kamati nyingi husahau kupanga. Nauli ya kurudi ya kila mmoja itengwe kabla ya mbuzi kununuliwa, na ikae kwa mtu asiye mwepesi wa kulainika. Dereva alale vya kutosha usiku wa kuamkia safari, hata kama ngoma inaendelea uani. Kama kuna mzee anayetaka kubaki kijijini wiki mbili, ajulikane mapema, aachiwe dawa zake na mtu wa kumrudisha. Mtunza hazina asome hesabu kijijini, watu wakiwa bado wamekaa pamoja, aseme kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na anayetaka kuuliza aulize hapo hapo. Majibu yakishatolewa, gari liwashwe.

Ni mimi mzee wenu,
Nyegezi, Mwanza