Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WANAOZICHANGIA KWA HIARI SHULE ZA SERIKALI MJINI

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Chikongola na mwanachama wa kikundi cha waliosoma katika shule moja ya msingi ya hapa mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa niliyoyakuta pale naamini si ya shule ile peke yake.

Mwaka juzi tulichanga tukanunua mifuko 20 ya saruji kwa ajili ya vyoo vya wasichana, tukaikabidhi kwa picha na soda. Tuliporudi mvua zilipokwisha, mifuko sita ilikuwa imeganda stoo, na mmoja wake ulikuwa umeegemezwa kwenye mlango wa darasa ili upepo usiubamize. Hakuna aliyeiba. Fundi alichelewa, mvua zikaanza, mwalimu mkuu akahamishwa, na aliyepokea ofisi hakukuta hata mstari mmoja unaoeleza saruji ile ni ya nani na ya kazi gani. Sisi tuko 31. Tulipoitisha mchango wa pili, walioitikia walikuwa tisa.

Husemwa kwamba watu wa mjini hawana moyo wa kutoa. Sikubaliani, kwa sababu watu hao hao huchangia harusi, misiba, misikiti na makanisa bila kusukumwa. Harusini kuna kadi, kuna mweka hazina asiyechoka kupiga simu, na kuna siku ambayo kila aliyetoa huketi akaona fedha yake ilikokwenda. Kijijini nako, ambako mtoto wa mkulima na wa mwenyekiti wa chama cha ushirika huketi dawati moja, mkutano wa msimu wa korosho unaweza kukubaliana makato kidogo kwa kila kilo ili darasa liezekwe. Mjini, mwenye duka aliye na uwezo mara nyingi amempeleka mwanawe shule binafsi, na shule ya serikali iliyo nyuma ya duka lake haimhusu tena, labda kengele yake tu.

Lipo pia suala la elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ambalo limewafanya wengi waamini kwamba serikali inalipia kila kitu. Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Mzazi akiiona hesabu hiyo ikiwa imebandikwa ubaoni, hahitaji kuhubiriwa. Kisha Januari 2018 Hayati Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na hakukosa sababu, maana mtoto wa jirani yangu aliwahi kurudishwa nyumbani kwa deni la mchango wa mlinzi. Lakini walimu wakuu niliozungumza nao sasa wanaogopa kumwomba mfanyabiashara hata bati moja, kana kwamba kuomba na kulazimisha ni kosa lile lile.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itoe maelekezo ya ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa kuomba, stakabadhi inatolewa na nani, na msaada unaandikwa kwenye leja ipi ambayo kamati ya shule itaikagua na kuibandika ubaoni kila muhula. Maelekezo hayo yataje pia mahitaji halisi ya kila shule, kwani wafadhili wakubwa hupenda madawati, ambayo huandikwa majina yao ubavuni, na tundu la choo haliandikwi jina la mtu.

Fedha za wale tisa bado ziko kwa mweka hazina wetu. Tungependa kuzikabidhi kabla mvua za Desemba hazijaanza, mradi tuambiwe zitaandikwa wapi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Chikongola, Mtwara