Pishi moja iliyozidi: salamu za Idd kwa ukoo wetu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, ndugu zetu, na nyinyi wajukuu na vitukuu mlioko mjini, Pemba, Dar es Salaam na kule Maskati: Idd Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na atujaalie kuiona na ya mwakani. Wa Maskati najua mmeshasali tangu jana, na ugomvi wa mwezi nauacha hapo hapo. Bibi alikuwa akisema mwezi wake ni ule anaouona mwenyewe kwa macho yake akisimama uwani, na mawingu yakimziba basi ni ule aliotangaziwa redioni.

Hii ndiyo Idd yetu ya kwanza bila yeye. Alitutoka Mfunguo Sita, watu wako kwenye maulidi, kwa umri ambao hakuna aliyeujua sawasawa. Mwenyewe aliuhesabu kwa mambo yaliyomkuta: mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 ulimkuta ndiyo kwanza anaanza kuvaa buibui, Mapinduzi ya 1964 yakamkuta na watoto watatu na mimba ya wa nne. Ukijumlisha, unapata miaka 90 na chenji kidogo.

Ninachotaka kuwakumbusha ni mikono yake. Ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, ukiletwa aliuanika juani mpaka ukakwajuka, halafu akakaa kuchana chane kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha aliouachia urefu kwa kazi hiyo tu. Rangi alichemsha katika sufuria mbili, moja ya zambarau na moja ya kijani, na ole wake atakayechemshia chai humo. Ukili wake, ule ukanda unaoshonwa ukawa mkeka, aliusuka mrefu akaukunja kama gurudumu, na mkeka mpya akaushona Shaabani ili uwahi futari. Kila mjukuu aliyehitimu msahafu alipata msala wake, na hakuna misala miwili iliyofanana. Wangu una samaki pembeni. Nilimuuliza samaki wa nini juu ya msala, akanijibu: "Wewe si hupendi kwenda chuoni, unapenda pwani?"

Ukindu ulipopanda bei akaanza kuokota zile kanda za nailoni zinazofungia mabalo ya mitumba. Mama zetu walinuna kwelikweli, mtu mzima na heshima zake anazungukia majaa! Haikupita miezi miwili wakawa wanagombania vikapu.

Na wazee wanaikumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini, sukari kwa foleni na nguo hakuna madukani. Bibi alifumua magunia ya unga, akayaloweka, akayafua, akawashonea wanawe kanzu za Idd. Herufi za kiwanda hazikutoka zote. Marehemu ami alikwenda kusali na maandishi mgongoni, na mpaka anazeeka wenzake wakimwita Kilo Hamsini.

Miaka minne ya mwisho daktari alimkataza kufunga. Hilo lilimuuma kuliko magoti. Akawa anatoa fidia ya siku asizofunga, kibaba cha mchele kwa kila siku, na mwezi ukitimia thelathini ni pishi saba na nusu, vibaba vinne kwa pishi. Tulimwambia atoe yote kwa mkupuo mmoja yaishe. Hakutaka. Kila jioni kabla ya magharibi alishika kile kibaba chake cha mti kilichopasuka mdomo, akapima mchele, akamtuma mtoto aupeleke nyumba ya tatu, kwa yule bibi anayeishi peke yake. Mizani hakuiamini hata siku moja.

Jana usiku, mwezi umeshatangazwa, tulikaa mkekani kupima zakatul fitri. Pishi moja kila kichwa, vibaba vinne vinne, mpaka kwa huyu mchanga aliyezaliwa Ramadhani hii. Mama alikuwa anataja majina kwa ukubwa, kama ilivyo ada, na mimi napima. Tulipomaliza tukahesabu watu: 17. Tukahesabu mafungu: 18. Tukarudia. Ndipo nilipokumbuka jina aliloanza nalo, na kwamba nililipimia bila kusita, na watu wote waliokuwepo walisikia na hakuna aliyeinua uso.

Mama aliliangalia lile fungu kitambo. Halafu akalifunga kwenye kanga, akampa mtoto: "Peleka nyumba ya tatu. Mwambie ni sadaka, si fitri."

Basi leo boko boko lipo, ngano imelala majini tangu juzi na tumelipiga kwa zamu mpaka likavutika, ingawa shangazi anasema halijafika lile la Bibi, na ana haki. Samli mnaongeza wenyewe. Watoto mkono wa Idd mtaupata kwa ami mkubwa, na safari hii hakuna fundo la kanga, kwa hiyo msimvute nguo. Wa Fuoni, tokeni mapema. Adhuhuri ikipita tutakuwa tumeshakwenda kumzuru Bibi kaburini, na mwenye nafasi kwenye gari atupitie.