Mvua haishiki usukani

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa. Habari yenu ya ile ndege ndogo iliyoteleza nje ya njia na kupinduka ikitua mvuani ilikuwa na kichwa kilekile cha siku zote: hali mbaya ya hewa yaangusha ndege. Mvua haishiki usukani, Mhariri. Aliyeamua kutua ni mtu, na mara nyingi kuna watu waliomsukuma.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo siku moja. Ilikuwa ndege ya injini moja, abiria tisa, nami nimekaa nyuma ya rubani kabisa. Tulipokaribia uwanja mvua ilikuwa imefunga. Kijana wa watu akageuka akasema afadhali turudi tulikotoka. Wakamjia juu! Mmoja ana kikao, mwingine anawahi maziko, wa tatu akamwambia wenzako jana walitua humuhumu. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo. Nikaona kola yake inavyolowa jasho. Akashuka. Tulipoiona lami, robo yake tulikuwa tumeshaipita angani, na upepo unatusukuma kwa nyuma. Ile soksi ya kuonyesha upepo ilikuwa imechanika na kujisokota kwenye mlingoti, haimwambii mtu kitu. Angeweza kupaa tena, hakupaa. Tulisimama gurudumu la mbele likiwa kwenye majani. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hamkuandika.

Upepo wa nyuma wenye asilimia 10 tu ya kasi ya kutua huongeza masafa ya kutua kwa takriban asilimia 21, na hapo lami haijalowa. Anayeingia mawinguni bila kufundishwa kuruka kwa kutazama vyombo vya ndege tu, nje haonekani kitu, ndiye taabani zaidi. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wa namna hiyo: wote walishindwa kuimudu ndege, baada ya wastani wa sekunde 178. Hata dakika tatu hazifiki.

Na hili la mizigo nalo! Watu wanapima begi moja, la pili wanamshikisha ndugu aliyekuja kuwasindikiza, wanalichukua mlangoni. Rubani anapiga hesabu ya uzito ambao si wa kweli, kisha anatua nao kwenye njia fupi iliyolowa.

Ombi langu: kila ajali ya namna hii iwekeeni kisanduku pembeni. Upepo ulitoka wapi, mawingu yalikuwa chini kiasi gani, rubani alijaribu kutua mara ngapi, na nani ndani ya ndege alikuwa na haraka. Na akitokea rubani aliyegeuza ndege akarudi na abiria wake wakimtukana, mwandikeni naye, kwa picha, ukurasa wa kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi