Malalamiko: Haan ya Mama Yangu Iliyotobolewa kwenye Kaunta Yenu ya Isiolo

Kwa Meneja Mkuu wa kampuni ya kusafirisha vifurushi,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mama yangu hakuiona ofisini kwenu.

Haan yetu, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, ilifika kwenu ikiwa nzima. Ikapimwa, ikalipiwa. Mfanyakazi wenu akanusa moshi wake, akasema lazima ajue kimefichwa nini humo. Mama akafungua kifuniko, akamwinamishia aone kuwa ni tupu. Hakutazama. Alichukua bisibisi akaitoboa kitakoni, kisha akasema: "Mama, hiki ni kikapu tu, sokoni viko tele."

Sokoni hakuna. Haan hiyo aliileta mama mzazi wa nyanya yangu kutoka upande wa Berbera, pwani ya Somaliland. Mumewe alikuwa miongoni mwa Waisaaq, ukoo wa Wasomali, waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaja kukaa Isiolo na kufuga. Ng'ombe wao walizuiwa na karantini za wakoloni, ukame ukachukua wengine, haan ikabaki. Moshi alioushuku kijana wenu ni wa makaa ya kuifukizia ili maziwa yasiharibike upesi. Mfugaji yeyote wa Isiolo angemweleza, kama angeuliza. Kwetu chombo hiki huenda na bibi harusi. Kilikuwa kinakwenda Eastleigh, Nairobi, kwa binti wa dada yangu. Harusi imepita, ameolewa bila haan.

Na kwenye simu mkaniambia ni "uharibifu mdogo wakati wa ukaguzi". Basi narudia. Kifuniko kilikuwa wazi. Mama, mtu mzima wa kuitwa nyanya, ameushika mdomo wa chombo kwa mikono miwili, anasema, "Angalia ndani, mwanangu." Kijana wenu naye anazungusha bisibisi, nyuzi zinakatika moja moja, watu kwenye foleni wanatazama. Alipoichomoa aliifuta kwenye suruali, akagonga muhuri kwenye risiti, akaita, "Anayefuata!" Huo ndio ukaguzi wenu?

Masharti yenu ya ukaguzi mnayajua kuliko mimi. Nionyesheni yanaporuhusu bisibisi.

Mama mmoja msusi amesema anaweza kuziba tundu, lakini haitashika maziwa tena. Nanyi mmetaka kutulipa kwa kilo. Chombo ni chepesi, ndiyo maana akina mama walihama nacho, sasa wepesi wake ndio upunguze haki yetu?

Nilipopiga simu mara ya kwanza niliomba msamaha tu. Sasa nataka msamaha wa maandishi, na meneja wa tawi aende nyumbani kwa mama akauseme mbele yake, pamoja na gharama za kusukiwa haan mpya. Isitoshe, nataka fidia ya shilingi 300,000, kwa kuwa mpya haitakuwa ile. Kijana huyo asishike tena mzigo wa mtu.

Mkikaa kimya, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyowapa leseni, kisha Mahakama ya Madai Madogo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kufidiwa. Haan nitaibeba mahakamani na tundu lake. Nataka jibu kwa maandishi. Simu zenu sitapokea tena.

Wenu,
Binti wa mwenye haan,
Isiolo