Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupanda milima,

Nawashukuru mliofika. Mkutano huu ulikuwa ufanyike wiki mbili zilizopita, ukaahirishwa kwa kukosa akidi, na leo nao umeanza saa nne na nusu badala ya saa tatu kwa sababu ya kuwasubiri walioandika kwenye grupu kwamba wako njiani. Orodha ya mahudhurio ina majina 31. Wanachama tuko 86. Akidi ni theluthi moja, kwa hiyo tumepona kwa watu wawili.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulipanda vilele vya Lupanga na Bondwa kule Morogoro, tukafika Morningside na maporomoko ya Choma, tukapiga kambi Pugu karibu na Dar, tukaenda Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Vibali vya TFS (wakala wa misitu) na TANAPA (hifadhi za taifa) vilipatikana kwa wakati, jambo ambalo halijitokezei lenyewe. Kuna mtu analifuatilia. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika na picha zipo.

Sasa nije kwenye suala la wizi kwenye magari, maana najua wengi wa mliokuja mmekuja kwa ajili yake.

Walioshuka Lupanga siku ile wanakumbuka tulichokikuta. Gari la mwanachama wetu lilikuwa la tatu kwenye mstari. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimemwagika chote, punje zake zimetapakaa kwenye kiti cha mtoto kama chumvi ya mawe. Redio ilikuwepo. Miwani ya jua ilikuwepo juu ya dashibodi. Aliyevunja alifuata kitu kimoja tu, begi lililosukumwa chini ya kiti cha mbele, ndani yake kompyuta mpakato, pochi na funguo za nyumba. Hakuhangaika kulitafuta, kwa sababu alimwona mwenye gari akilisukuma asubuhi, sisi wengine tukiwa tunapiga picha ya pamoja. Kwenye mpira wa mlango kulikuwa na kipande kidogo cheupe cha kauri ya plagi ya injini. Kikirushwa hicho, kioo cha pembeni kinasambaratika bila kelele ya kumwamsha mtu.

Gari la pili halikuvunjwa popote, ila vitu vya ndani viliibiwa. Mwenyewe anaapa kwamba alibonyeza rimoti, nami namwamini. Kuna wezi wanaobonyeza kifaa chao wakati ule ule unapobonyeza rimoti yako, mawimbi yanagongana, milango haifungi, na wewe umeshageuka unaondoka. Ndiyo maana tangu nilipochukua nafasi hii nasema kila mtu avute kitasa kabla ya kuliacha gari. Nilisema kabla ya tukio. Katibu anayo kwenye mihtasari.

Imesemwa pembeni, na msemaji namfahamu, kwamba vijana waliokuwa wakilinda magari hawakuwepo kwa sababu niligombana nao. Sikugombana na mtu. Walitaka sh. 5,000 kwa kila gari asubuhi na 5,000 nyingine tukishuka. Nikawaambia tutalipa mara moja, tukishuka, tukikuta magari mazima. Hayo ni mapatano ya bei. Waliondoka wenyewe, na hakuna aliyenieleza kwamba wameondoka hadi tulipokuwa tumeshapanda, wakati mweka hazina alikuwa bado yuko chini anafunga kamba za viatu.

Baada ya tukio hilo, kamati ilikaa na kuamua kwamba safari zote za Morogoro zitakuwa kwa treni, na kutoka stesheni kwa Coaster ya kukodi ambayo dereva wake anabaki na gari kutwa nzima. Gari la mwanachama haliachwi tena chini ya mlima kwa jina la chama. Wajumbe watano kati ya tisa walihudhuria kikao hicho, na wanne ambao hawakufika ndio waliolalamika zaidi kwamba hawakushirikishwa. Katiba inairuhusu kamati kuamua mambo ya dharura bila kusubiri mkutano mkuu. Kama kuibiwa kwenye magari mawili siku moja si dharura, naomba nielezwe dharura ni ipi.

Wanaosema uamuzi huu umeongeza gharama, tupige hesabu. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 14, 2024, nauli ya kawaida ilikuwa sh. 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Gari dogo linalokwenda kilomita kumi kwa lita moja linakula lita 40 kwenda na kurudi. Mafuta yakiwa sh. 2,800 kwa lita, hiyo ni 112,000, na mkiwa wanne kila mmoja anatoa 28,000. Gharama ya Coaster kutoka stesheni kule Kihonda sijaisahau. Tukiwa wengi inagawanyika hadi haionekani, tatizo letu hatuwi wengi, na hilo nitalifikia. Kuhusu kubeba mahema kwenye treni, mtu anayepanda Lupanga na begi mgongoni hashindwi kupanda ngazi za stesheni.

Ndugu aliyeibiwa kompyuta ameomba chama kimfidie. Nilikataa na bado nakataa. Fomu ya safari aliisaini, na imeandikwa kwamba mali ni jukumu la mwenyewe. Gari lake lina bima ndogo, ambayo kioo haikigusi. Wengine wenu mna bima kubwa na mnadhani mmemaliza. Hiyo inaangalia gari, begi lililokuwa kwenye kiti ni habari nyingine. Kamati ilimsindikiza kituo cha polisi akapata RB, yaani namba ya taarifa yake, na mimi mwenyewe nilikaa naye pale hadi usiku. Hilo halisemwi.

Pugu bado tunakwenda na magari kwa kuwa ni karibu. Kule tuliibiwa site mira (vioo vya pembeni) na pawa windo (swichi za vioo vya milango) za gari moja, na kambini hema lilichanwa kwa wembe upande wa kichwani, simu tatu zikaondoka pamoja na pawabenki zilizokuwa zinazichaji. Sasa magari tunayaweka kwenye ua wa mzee mmoja jirani kwa sh. 3,000, mpango nilioutafuta mimi. Simu zilale miguuni, ndani ya mfuko wa kulalia. Kila mmoja leo abonyeze *#06#, anakili tarakimu 15 zitakazotokea, ambazo ni namba ya utambulisho wa simu (IMEI), na aziache nyumbani. Simu ikiibiwa, funga laini kwanza kwa sababu ya pesa zilizomo, halafu chukua RB upeleke kwa mtandao wako waifungie simu yenyewe. Mwanachama mmoja alianza kwa kwenda Kariakoo kuitafuta simu, na alipokumbuka laini, salio lilikuwa limeshaondoka.

Mkate uliochukuliwa na nyani kule Mang'ula, Udzungwa, umeingizwa na katibu kwenye orodha ya matukio ya wizi. Nimeuacha, ila sioni kama unatusaidia.

Jambo jingine ni matangazo. Tunaandika mitandaoni tunaanza kupanda saa ngapi na tunashuka saa ngapi, tunaweka na picha ya magari yakiwa yamepangwa. Mwizi afanye utafiti gani zaidi? Nimemwomba mhamasishaji wetu aweke picha baada ya safari, akasema nambana. Basi nambana.

Fedha. Mapato yote ni kama sh. milioni 6.4, matumizi milioni 5.9 na ushee, mweka hazina ana mchanganuo kwa anayeutaka. Ada ni 60,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 37. Ambao hawajalipa ni 49, sawa na sh. 2,940,000 zilizoko mifukoni mwa watu ambao kila wiki wanauliza kwenye grupu kwa nini chama hakiajiri mlinzi wa kudumu. Mlinzi analipwa na fedha hizo hizo. Safari ya mwisho ya Morogoro walijiandikisha 24, wakafika stesheni tisa, na Coaster ilikuwa imeshalipiwa kwa watu 24. Hiyo ndiyo gharama ya treni mnayoilalamikia.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kwenda Mlima Meru, kuzungumza na viongozi wa vijiji kuhusu sehemu salama za kuegesha, na ikiwezekana siku moja chama kiwe na gari lake. Mazungumzo ya awali yapo.

Kuhusu uchaguzi, nimesikia fomu ya nafasi hii imechukuliwa na ndugu yetu ambaye ada yake ya mwaka 2024 bado hatujaiona. Ni haki yake kuichukua. Kuirudisha kuna masharti, na katibu atayasoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti